Kuanguka kwa Makusudi: Tunajibu Maswali Yenu

SWALI: Naigiza vichekesho jukwaani. Kila nikianguka chali, kiuno huniuma siku mbili tatu. Nimejaribu kuvaa nguo nzito ndani lakini wapi. Nakosea nini?

JIBU: Unaanguka kutoka juu mno. Anguko salama huanza kwa kuchuchumaa, na mtazamaji hatambui kwa kuwa yote hupita chini ya sekunde moja, naye macho yake yako kwenye mikono yako inayopapasa hewa. Rudisha mguu mmoja nyuma nusu hatua, kunja goti lake mpaka tako likaribie kisigino, ndipo ukae. Usikae katikati! Hapo kuna kifandugu, yaani ncha ya chini ya uti wa mgongo, na kikigonga sakafu utakaa kwa taabu wiki kadhaa. Kalia tako la upande wa mguu uliokunja, kisha biringika kwa mshazari kuelekea bega la upande wa pili, mgongo ukiwa umepinda kama tumbo la mtumbwi. Hivyo kishindo hugawanyika kwenye nyama badala ya kumalizikia kwenye mfupa mmoja. Nguo nzito haziwezi kufanya kazi hiyo.

Kidevu kigande kifuani tangu mwanzo. Tazama mkanda wa suruali yako. Anayetazama dari hugonga kisogo. Toa pumzi unapogusa chini.

Mikono ndiyo inayowaponza wengi. Silika hutaka kuitanguliza nyuma ili ikuzuie, na mkono ulionyooka hubeba uzito wote kwenye kifundo, ukavunjika. Wacheza judo hufundishwa ukemi, yaani namna ya kuanguka, kabla hawajaruhusiwa kutupana. Mkono hupigwa chini wakati mgongo unapotua, kiganja na sehemu yote hadi kwenye kiwiko kwa pamoja, ukiwa umeachana na ubavu kwa nyuzi 30 hadi 45. Ukiupeleka juu zaidi, bega ndilo litakaloumia. Kwa mchekeshaji pigo hilo lina faida ya pili: mlio wake mtazamaji hudhani ni wa mgongo. Unapata kishindo kikubwa bila maumivu yake.

SWALI: Nikijikwaa kwa makusudi watu hawacheki. Wanajua kabisa kwamba nimepanga. Nifanyeje?

JIBU: Macho yanakusaliti. Unatazama chini kabla ya kujikwaa, halafu unafupisha hatua ya mwisho. Jipe shughuli: beba kitu, ongea na mtu, mtazame yeye. Mguu wa nyuma unapopita kwenda mbele, ncha ya kiatu iguse kisigino cha mguu uliotangulia. Goti litapinda na kiwiliwili kitachomoka mbele chenyewe. Huna haja ya kujisukuma.

Sasa usianguke bado. Kicheko kimo katika kukataa kuanguka: hatua tatu za kuyumba, sinia inayookolewa dakika ya mwisho, mkono unaotafuta ukuta ambao haupo. Mtu anayedondoka puu mara moja huonekana amepata ajali, na watu humwonea huruma. Ukishakuwa chini, tulia pumzi moja, kisha inua kichwa au angalia kwanza kama sinia imepona. Mpaka wajue hujaumia, watajizuia kucheka. Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu zisizo na sauti, ambaye baba yake alikuwa akimrusha huku na huko jukwaani tangu utotoni, aliinuka na uso uleule usiotabasamu, na uso huo ulichekesha kuliko anguko lenyewe.

SWALI: Na kifudifudi je?

JIBU: Anza ukiwa umepiga magoti. Viganja na mikono hadi viwiko vitue pamoja vikiunda pembetatu mbele ya uso, kichwa kimegeuzwa upande, tumbo limekazwa. Ukiweza hivyo, jaribu ukiwa umesimama, lakini magoti yasitangulie kugonga sakafu.

SWALI: Godoro la kulalia linafaa kwa mazoezi?

JIBU: Hapana. Likiwa laini, mguu huzama na kifundo hupinda. Tena halikuonyeshi ulipokosea. Mkeka mgumu wa judo wenye unene wa sentimita 4 au 5 ni bora. Maanguko kumi kwa siku yanatosha anayeanza, na uache mara shingo inapochoka, kwani hapo ndipo kichwa huanza kudondoka nyuma. Kabla ya lolote, toa funguo na simu mfukoni.