Ilimba yangu umeiweka wapi?

Wewe unayeanza kazi ya studio hapa Dodoma, utasikia watu wakisema prodyuza ni mtengeneza biti na injinia ni mbonyeza vitufe. Usikubali. Prodyuza anaubeba wimbo: uende kasi gani, kiitikio kiingie wapi, mwimbaji arudie au aachwe. Injinia anaibeba sauti: maiki ipi, ikae umbali gani, iingie kwa kiwango gani. Kwenye studio zetu nyingi kazi zote mbili anazo mtu mmoja, na hapo ndipo nilipoumia.

Nilirekodi kikundi cha ngoma za Kigogo kutoka upande wa Chamwino. Babu mmoja alipiga ilimba, ala ya sanduku lenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye hedifoni nikasikia mkwaruzo, kama spika iliyopasuka. Nikabadilisha waya, nikabadilisha maiki, mkwaruzo uko palepale. Kwenye miksi nikaukata wote, sauti ikabaki laini. Babu alipokuja aliisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza taratibu: "Mjukuu wangu, ilimba yangu umeiweka wapi?" Akanionyesha tundu kwenye sanduku la ilimba, limezibwa kwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaonguruma. Unabandikwa makusudi.

Injinia ndani yangu alisikia hitilafu, na prodyuza wa kumzuia hakuwepo. Prodyuza angekwenda mazoezini mapema akaijua sauti ya kikundi. Sasa naenda, bila maiki, nakaa nasikiliza tu. Nawe tafuta rekodi za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzao aliyefariki 2003, usikie ilimba inavyonguruma.

Siku ya kurekodi anza na uinjinia, uumalize. Waambie akina mama wapige muheme, ngoma zao za Kigogo, kwa nguvu zao zote wakati wa kupima, kilele cha sauti kibaki kama desibeli 10 chini ya sifuri, yaani chini ya ukomo wa mita. Sauti ikipasuka wakati wa kuingia, kuiponya ni shida kubwa. Zeze ni ya upole, irekodi alfajiri kabla upepo haujaanza kugonga mabati. Ukishapima, geuza skrini ukutani, umtazame mwimbaji. Sasa wewe ni prodyuza.

Malipo na majina ya wahusika yaandikwe kabla ya maiki kuwashwa.

Na rekodi ghafi usifute kamwe. Yangu ilikuwepo, ndiyo maana jioni ileile babu alirudi nyumbani na ilimba yake ikinguruma.