Mradi wa Asili Yetu Uanzie kwa Bibi, Ndipo Ufike Isimila

Nimefundisha Historia kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Mkoa wa Iringa, na kila mwaka wazazi huniuliza wamsaidieje mtoto aliyepewa mradi kuhusu asili ya binadamu, ukoo wake au mila za watu wa mataifa mengine. Ushauri wangu ni kwamba mtoto aanze na swali ambalo mtu anayemfahamu anaweza kulijibu kwa kinywa chake, na akishapata jibu hilo ndipo afungue kitabu, aende makumbusho au aingie kwenye intaneti. Nimesahihisha miradi mingi iliyoanzia kwenye intaneti, na mara nyingi kazi za wanafunzi wanne au watano hufanana hadi kwenye makosa ya tahajia, huku hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kueleza alichokiandika.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la mwiko wa ukoo. Kwa Wahehe, mtoto hurithi kutoka upande wa baba mwiko wa chakula fulani, na koo hutambulikana kwa miiko hiyo kama zinavyotambulikana kwa majina. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda kwa bibi yake Kilolo wakati wa likizo, akamkuta anapukuchua mahindi, akakaa naye na kupukuchua kabla ya kuuliza lolote. Alirudi shuleni na kurasa tatu za daftari: kwamba ukoo wao hawali mbawala, kwamba babu yake aliwahi kukataa mboga ugenini kwa sababu hiyo, na kwamba bibi mwenyewe, aliyetoka ukoo mwingine, alilelewa na mwiko tofauti na huu alioufuata alipowapikia wanawe maisha yake yote. Kutoka hapo haikuwa kazi ngumu kumwonyesha kwamba Waislamu na Wayahudi hawali nguruwe na kwamba Wahindu wengi hawali ng'ombe, kwa maana sasa alikuwa na jambo lake la kulinganisha nayo, na maswali aliyoyauliza kuhusu watu hao yalikuwa ya heshima.

Kuhusu mti wa ukoo, nawaomba walimu wenzangu wawe waangalifu sana. Mwaka mmoja niliagiza darasa zima lichore vizazi vinne kwenye karatasi ya manila, na siku ya kukusanya kazi binti mmoja alileta karatasi yenye jina lake peke yake katikati, limeandikwa kwa mwandiko mzuri na kuzungushiwa duara. Alikuwa amelelewa katika kituo cha kulelea watoto tangu akiwa mchanga. Nyanda za juu kusini zina watoto wengi waliopoteza wazazi mapema, wengi wao kwa sababu ya UKIMWI, nami nilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kutoa agizo. Tangu siku hiyo ninamwachia kila mwanafunzi achague kuchora ukoo wa damu, au watu waliomlea, au historia ya nyumba na kijiji anachoishi, na alama hutolewa kwa namna moja kwa wote.

Anayeishi Iringa ana bahati ya kuwa na Isimila, korongo lenye zana za mawe za watu wa kale, kama kilomita 20 kutoka mjini, karibu na barabara ya Mbeya. Mpeleke mtoto asubuhi kabla jua halijawa kali, na kabla ya kukimbilia kupiga picha zile nguzo ndefu za udongo, mwache asimame mbele ya mashoka ya mawe. Atazame jinsi jiwe lilivyomenywa pande zote mbili hadi likapata ncha, kisha ajaribu kuhesabu makovu ya mapigo, maana kila kovu ni pigo ambalo mtu alilikusudia. Mwambie pia kwamba korongo lile kavu lilikuwa ziwa, na kwamba humo ilipatikana mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka.

Isimila inafundisha jambo jingine ambalo ni nadra kuliona kwenye miradi. Zana hizo zilitambuliwa mwaka 1951, uchimbaji mkubwa ukafanyika mwaka 1957 na 1958, na umri uliotajwa mwanzoni ulikuwa miaka 60,000 hivi. Baadaye vipimo vya umri vinavyotumia madini ya urani vilionyesha kama miaka 260,000. Mtoto akikuta takwimu hizo mbili asichague moja na kuifuta nyingine, bali aziandike zote na kueleza kwamba kipimo kilibadilika. Hapo atakuwa ameelewa namna elimu hii inavyopatikana.

Wazazi wengine huja kwangu na wasiwasi wa kiimani kuhusu somo la asili ya binadamu, na siuchukulii kwa wepesi. Huwaeleza kwamba mtoto anatakiwa kuandika kilichopatikana, wapi, lini na kina umri gani: kwa mfano, fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey aliliona Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Vilevile asiandike kwamba binadamu alitoka kwa sokwe wa leo, kwa kuwa sayansi haisemi hivyo, bali inasema kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja.

Kazi ikikamilika, irudishwe kwa aliyesimulia kabla ya kufika kwa mwalimu. Yule kijana wa Kilolo alimsomea bibi yake kurasa zote kwa sauti. Bibi alimsahihisha jina la kijiji kimoja, akamtaka aongeze jina la dada yake aliyefariki akiwa mdogo, kisha akaomba daftari libaki pale nyumbani hadi kesho yake, kwa sababu baba mdogo alikuwa anakuja kutoka Mafinga naye alipaswa kulisikia.