Maswali na Majibu: Ramani Itoke kwa Printa Ikiwa na Skeli Yake

Maswali ya safari hii yana kilio kimoja: mchoro ni safi kwenye kompyuta, ukifika kwenye karatasi unaharibika. Karibu nyote mnatumia AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, kwa hiyo majibu yanafuata programu hiyo.

Nimechora ramani ya nyumba kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 huku Lanet, Nakuru, nikaandika skeli 1:100. Fundi ameweka rula akasema vipimo havilingani na nilivyoandika. Nimekosea wapi?

Skeli 1:100 maana yake milimita moja ya karatasi ni milimita 100 za nyumba. Mchoro wenyewe huenda hauna shida. Dalili hizi ni za mtu aliyechapisha moja kwa moja kutoka upande wa modeli, yaani pale unapochorea, tena akaacha alama kwenye kisanduku cha "Fit to paper". Kisanduku hicho huiambia programu iubane mchoro mpaka utoshe karatasi, na skeli inayotoka inaweza kuwa 1:87 au 1:113. Hakuna rula ya kusoma skeli hiyo. Ile 1:100 uliyoandika chini inakuwa uongo, na anayeulipia ni mwenye nyumba.

Upande wa modeli, chora kila kitu kwa ukubwa wake halisi: ukuta wa milimita 200 uwe 200. Huko hakuna habari ya skeli. Kisha ingia kwenye leiauti, ambayo ndiyo karatasi yenyewe. Fungua Page Setup, yaani mipangilio ya kuchapisha, chagua printa au PDF, chagua ukubwa wa karatasi, na skeli ya kuchapishia iwe 1:1, kwa sababu karatasi ya A3 itabaki A3. Weka fremu na kisanduku cha maelezo. Halafu andika amri MVIEW ufungue dirisha la kuonyesha mchoro. Bofya mara mbili ndani yake, andika ZOOM, kisha 1/100xp; hiyo xp huiambia programu ihesabu kwa kulinganisha na karatasi. Skeli inakaa hapo kwenye dirisha, si kwingine. Ukimaliza, toka nje na ulifunge dirisha kwa kufuli, maana ukizungusha gurudumu la mausi ukiwa ndani, skeli imekwenda.

Sasa hesabu ya karatasi. Ploti yako ni mita 15.24 kwa 30.48. Kwa 1:100 itachukua milimita 152.4 kwa 304.8. A4 ina urefu wa milimita 297 tu, haitoshi. A3 ni 297 kwa 420. Ukiilaza, ploti inaingia na nafasi ya kisanduku cha maelezo inabaki. Karatasi ikitoka, pima mwenyewe mpaka wa mbele. Rula ikisoma milimita 152 na kidogo, mpe fundi. Lakini mwambie pia kwamba kujenga ni kwa vipimo vilivyoandikwa. Karatasi hutanuka na kusinyaa, kwa hiyo rula ni ya kukagulia tu.

Chuoni hapa Kakamega tunachora kwa mita. Nikiandika 1/100xp mchoro unageuka kitone. Kwa nini?

Kwa sababu programu inahesabu yuniti, na yuniti moja ya karatasi yako ni milimita. Mita yako moja ni yuniti 1, na kwa 1:100 inatakiwa ichukue milimita 10 kwenye karatasi. Andika 10xp. Kwa 1:200 andika 5xp, kwa 1:50 andika 20xp. Mita zinawafaa wapima ardhi. Kwa majengo ningekushauri uzoee milimita mapema.

Mistari ya njano na samawati inatoka hafifu, na yote ina unene mmoja. Printa yangu hapa Bungoma ni mbovu?

Printa haina hatia. Rangi ya njano juu ya karatasi nyeupe itaonekana hafifu popote utakapoichapishia. Kwenye Page Setup, sehemu ya mitindo ya kuchapisha, chagua faili la monochrome.ctb na rangi zote zitatoka nyeusi. Unene uuweke kwenye leya, yaani matabaka ya mchoro: kuta zilizokatwa milimita 0.5, milango na madirisha 0.25, mistari ya vipimo 0.18, michirizi ya kujazia 0.13. Jambo hili wachoraji wengi wanalipuuza, nami naliona zito. Fundi akiisoma ramani juani, unene wa mstari ndio unaomwonyesha ukuta ni upi na kigae ni kipi.

Nimeandaa ramani kwa A1 lakini saiba iliyo karibu nami Kondele, Kisumu, ina mashine ya A3 tu. Nipunguze?

Punguza, ila ujue kinachotokea. A1 ni milimita 594 kwa 841, na A3 ni nusu ya vipimo hivyo kila upande. Kwa hiyo 1:100 inakuwa 1:200 kamili, na rula bado inasomeka. Usipunguze kwenda A2, kwa sababu 1:100 itakuwa kama 1:141 na hapo hakuna atakayeipima. Kwenye kisanduku cha maelezo andika "1:100 kwa A1, 1:200 kwa A3", na uchore mstari wa skeli wenye mita 0 hadi 10. Huo hupungua pamoja na mchoro, basi unabaki sahihi.

Saiba wapelekee PDF, si faili la DWG, yaani lile la AutoCAD lenyewe, kwa kuwa kompyuta yao huenda haina fonti zako wala mtindo wako wa kuchapisha. Kwa nakala ya ukubwa kamili, simama hapo hapo mhudumu anapobofya na umwombe achague "Actual size". Kazi yote ya leiauti inaweza kupotea kwenye kubofya huko.

Mistari ya vitone inatoka kama mstari mmoja mzima.

Weka LTSCALE, PSLTSCALE na MSLTSCALE, ambazo ndizo huamua ukubwa wa vitone, zote ziwe 1, kisha andika REGENALL ili mchoro uonyeshwe upya.

Kile kisanduku kinachozunguka mchoro kwenye leiauti kinachapishwa pia. Nikifute?

Ukikifuta, mchoro unaondoka nacho, kwa sababu hicho ndicho dirisha lenyewe. Kiweke kwenye leya yake pekee, kisha kwenye orodha ya leya bofya alama ya printa ili leya hiyo isichapishwe. Utaendelea kukiona kwenye skrini, na karatasi itatoka safi.