Mtoto anabanwa kifua akikimbia: usimwachishe michezo

Dada, pole kwa hofu. Umeuliza kama mwanao wa miaka 12, anayekohoa na kubanwa kifua kila akikimbia mchakamchaka asubuhi hapo Moshi, aache michezo. Hapana, asiache. Ila apimwe kwanza.

Mtu akikimbia huvuta hewa nyingi kwa mdomo, bila pua kuipasha joto na kuipa unyevu. Njia za hewa hukauka, misuli inayozizunguka hujikaza, nazo huwa nyembamba. Ndiyo maana Juni na Julai, baridi ikishuka kutoka mlimani, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Vumbi la uwanjani nalo huchochea. Mara nyingi kifua hubana zaidi dakika chache baada ya kusimama, na kuna walimu wanaodhani mtoto anajifanya. Inaniuma sana. Nenda ukaongee na mwalimu wake.

Mpeleke hospitali ya Mawenzi au ya KCMC apimwe mapafu. Ikithibitika ni pumu, daktari anaweza kumwandikia salbutamol, dawa ya kulegeza misuli ya njia za hewa, aivute kwa pampu dakika 15 hivi kabla ya mazoezi. Apashe mwili taratibu, na kukiwa na baridi afunge kitambaa puani na mdomoni. Akiihitaji pampu hata siku asizocheza, au akikohoa usiku, mwambie daktari: huenda anahitaji dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa.

Pampu atembee nayo mwenyewe, isifungiwe ofisini. Akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikigeuka bluu, avute pampu huku mkikimbilia hospitali.