Maswali ya wasomaji: Plake nyeusi ya pikipiki ya zamani

Swali (Katuba, Lubumbashi): Wandugu, tunafufua pikipiki ya BSA Bantam D1 ya marehemu mzee wetu. Plake (vibao vya namba) za Uingereza zilizokuja nayo zimepotea. Imebaki picha moja tu: plake nyeusi yenye maandishi meupe nyuma, na nyingine imesimama juu ya madigadi ya mbele. Fundi anataka kututengenezea nyeupe inayong'aa. Tumsikilize?

Jibu: Hapana, fuateni picha. D1 ilitengenezwa Birmingham kati ya 1948 na 1963, na kule plake zinazorudisha mwanga zikawa lazima kwa vyombo vipya kuanzia 1 Januari 1973. Nyeupe kwenye D1 inaharibu kazi yote ya fremu na tangi. Ile ya mbele nayo ni halali ya kipindi chake: pikipiki za Uingereza ziliacha kulazimishwa kuibeba mwaka 1975.

Ichunguzeni picha kwa lenzi. Namba nyingi za wakati ule ni herufi tatu na tarakimu tatu, na herufi mbili za mwisho kati ya zile tatu ndizo zinazotaja halmashauri iliyoandikisha. OB na OC, kwa mfano, ni za Birmingham. Mkiona herufi ya peke yake mwishoni, baada ya tarakimu, huo ni mtindo ulioanza 1963. Namba isiposomeka, msibuni, maana mnaweza kuangukia ya mtu. Pelekeni namba za fremu na injini kwa Vintage Motor-Cycle Club ya Uingereza, inayotunza madaftari ya kiwanda cha BSA. Kwa malipo mtapata tarehe pikipiki ilipotoka kiwandani. Namba ya barabarani msiitafute humo.

Vipimo: nyuma, kila herufi urefu milimita 64, upana 44, unene wa mstari 10. Mkiacha 10 kati ya herufi, 13 kati ya mstari wa juu na wa chini, na 11 pembeni, kibao kinatoka karibu 175 kwa 165. Tarakimu 1 inachukua milimita 10 tu za upana. Mchoraji asiyejua huinenepesha ijaze nafasi, na jicho la mjuzi huliona hilo kabla ya kitu kingine. Mbele herufi ni fupi, milimita 44, kwenye mstari mmoja unaofuata mviringo wa madigadi, zimeandikwa pande zote mbili.

Tumieni bati la alumini la milimita 2. Toboeni matundu kwanza, rangi baadaye. Keekee ikipita juu ya rangi iliyokauka inaacha ufa, na maji ya masika huingilia hapo. Pigeni msasa namba 240, futeni mafuta kwa tina ya rangi, kisha praima ya alumini. Wengi huiruka hiyo praima ili kuokoa pesa kidogo, halafu rangi inabanduka kama ganda la yai. Nyeusi makoti mawili, herufi kwa brashi na rangi ya mafuta. Wachoraji wa vibao vya maduka mjini wanaiweza kazi hii kuliko mashine ya stika. Kuna atakayewashauri bati la shaba, si tuko Katanga? Likataeni: shaba ikigusana na alumini au chuma penye unyevu, hivyo viwili ndivyo vinavyoliwa.

Kwenye kufunga, hesi za Bantam ni za Kiingereza, 26 kwa inchi. Bolti ya milimita 6 huingia vizuri kwa vidole kwa kuwa hesi zake zinakaribiana na hizo, ila tundu lenyewe ni la robo inchi, yaani milimita 6.35, kwa hiyo inashika nusunusu, inalegea kwa mtetemo, na ukiikaza inakula hesi za fremu. Tafuteni bolti yake, na washa ya mpira mbele na nyuma ya kibao.

Lakini hayo ni ya maonyesho na picha za harusi. Barabarani ni plake ya DGI (idara ya kodi ya Kongo) yenye bendera na herufi CGO za nchi, pamoja na karte roze (kadi ya usajili) ambayo namba yake ya chesi inalingana na iliyogongwa kwenye fremu. Polisi wa rulaji (trafiki) hatasikiliza habari za Birmingham. Tengenezeni kishikio kimoja cha bolti mbili, mbadilishe kwa dakika.

Swali (Kamalondo): Plake yetu ya alumini ina herufi zilizoinuka, rangi imeisha. Tuichovye kwenye soda ya kutengenezea sabuni?

Jibu: Mtatoa povu na bati lenye mashimo, soda hiyo inaila alumini yenyewe. Tumieni dawa ya kuondoa rangi na brashi ya nailoni, si ya chuma. Pakeni nyeusi kote, ikauke siku mbili, halafu pitisheni rola ndogo ya sponji yenye rangi nyeupe kidogo sana juu ya herufi, bila kukandamiza. Rola ikilowa mno, rangi inateremka kandokando ya herufi. Ifuteni papo hapo kwa kitambaa chenye tina kidogo, kabla haijashika.