Mwasumini wangu una majani tu

Shikamoo Bibi. Mwaka jana nilinunua mwasumini kwa wauza miche wa Barabara ya Bagamoyo, ukiwa na maua tele. Nikauhamishia kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, nikauweka chini ya mwembe usiungue na jua. Namwagilia asubuhi na jioni, na kila mwezi naweka samadi ya kuku. Umerefuka, majani yamekoza, lakini ua hata moja silioni. Desemba namwoza binti yangu, na natamani asumini za vikuba zitoke nyumbani. Nifanyeje?
Mama wa bibi harusi, Tabata

Marahaba mwanangu, na hongera. Mwasumini wako hauumwi. Umeshiba na umekaa kivulini, basi unaota majani.

Unataka jua lisilopungua saa sita kwa siku, na chini ya mwembe hauwezi kulipata. Ila usiutoe ghafla. Upe jua la asubuhi tu kwa wiki moja hivi, ndipo uuweke peupe. Ukitoka kivulini ukaingia moja kwa moja kwenye jua la saa saba la Dar, majani yatababuka.

Samadi ya kuku iache kabisa. Ina naitrojeni nyingi, na hiyo ndiyo inayosukuma majani na matawi marefu. Viganja viwili vya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kila baada ya miezi miwili, vinatosha. Maji nayo umezidisha: chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu usimwagilie. Tena inamisha ndoo uangalie matundu ya chini, maana mizizi huyaziba.

Sasa mkasi, na hapa ndipo akina mama wengi wanapoingiwa na huruma. Asumini hutoka kwenye ncha ya chipukizi jipya. Tawi la zamani ukiliacha litaendelea kutambaa bila faida. Chukua mkasi mkali, punguza theluthi moja ya kila tawi, ukikata juu kidogo ya pale majani mawili yanapotazamana. Kwenye makwapa ya majani hayo yatachomoza machipukizi mawili, na kila moja litabeba vitumba nchani, mara nyingi vitatu vitatu. Cha katikati hutangulia kufunguka, vya pembeni vikafuata. Kwa hiyo kila unapokata unajiongezea maua. Kata, mwanangu, usiogope.

Kutoka kupogoa hadi kuchanua kwa kawaida huchukua wiki sita hadi nane. Jua lianze leo, mkasi usubiri katikati ya Oktoba, na mvua za vuli zitakusaidia. Lakini nikuambie kweli: ndoo moja haitoi vikuba vya ukoo mzima. Itatoa cha bibi harusi, pengine na chako, na hicho cha bibi harusi ndicho ningependa kitoke mikononi mwako. Chuma jioni kabla ya magharibi, vitumba vikiwa vimenenepa na kuwa vyeupe lakini havijafunguka, uvifunike kwa kitambaa kibichi. Vitafunguka usiku huohuo, harufu ikiwa nzima. Ukingoja mpaka kesho yake utakuta maua yamelegea, mengine yameanza wekundu, na mrehani utakaoufunga nao hautayafufua.

Vipande ulivyokata usivitupe. Vyenye urefu wa shubiri, vitoe majani ya chini, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu hapo chini ya mwembe. Kazi hiyo kivuli kinaifaa.

Bibi, wangu majani yanageuka njano ila mishipa inabaki kijani. Natumia maji ya kisima.
Msomaji, Kigamboni

Mmea unakosa madini ya chuma. Udongo wa matumbawe huyazuia yasifike kwenye mizizi, na maji ya kisima yenye chumvi yanazidisha taabu. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, ndiyo chumvi yenyewe. Kama uko kwenye chungu, ukwangue, kisha mimina maji ya bomba au ya mvua mengi mpaka yachuruzike chini, na urudie baada ya siku chache. Changanya mboji kwenye udongo, na ulizia mbolea ya madini ya chuma kwenye duka la pembejeo. Majani yaliyokwisha kuwa njano huenda yasirudi. Wewe tazama machipukizi mapya.