Skripti ya Haskell Ikikataa, Tambua Kwanza Anayekataa

Wanafunzi wengi ninaokaa nao jioni hapa Mwanga, Kigoma, huandika programu yao ya kwanza ya lugha ya Haskell ndani ya GHCi, programu inayojibu kila mstari wa Haskell papo hapo, huiona ikijumlisha vizuri kilo za dagaa zilizouzwa, kisha huihifadhi kwenye faili na kuiita kwa jina lake wakitarajia jibu lile lile. Wakipata ujumbe wa kosa hukimbilia kubadilisha hesabu ambayo haikuwa na dosari. Nakusihi, kabla ya kugusa chochote, utambue ujumbe umetoka kwa nani, kwa kuwa faili yako hupita mikono mitatu: sheli ya Linux (inayopokea amri unazoandika), amri ya env (inayotafuta programu kwa jina lake), na runghc (inayoendesha faili ya Haskell moja kwa moja).

Sheli ikikunyima ruhusa, andika chmod +x jumla.hs, kisha uiite kwa ./jumla.hs. Fanya hivyo baada ya kuihamishia faili kwenye kompyuta, kwa sababu flashi zenye mfumo wa faili wa FAT32 hazihifadhi ruhusa za Linux.

Kosa la env ndilo lililowahi kunipotezea jioni nzima. Mstari wa kwanza, #!/usr/bin/env runghc, ulikuwa sahihi, na runghc ilikuwapo, lakini env ilishikilia kwamba haioni kitu chenye jina hilo. Faili ilikuwa imeandikwa kwenye Windows, ambako kila mstari huishia na alama ya ziada isiyoonekana, hivyo env ilikuwa ikitafuta runghc iliyobandikwa alama hiyo mwishoni. Amri ya cat -A jumla.hs huifichua kama ^M, na sed -i 's/\r$//' jumla.hs huiondoa.

Ikiwa anayelalamika ni runghc yenyewe, hapo ndipo usome msimbo. GHCi hupokea sum [12, 7, 20] peke yake na kukuonyesha 39, ilhali faili huhitaji kuelezwa la kufanya: main = print (sum [12, 7, 20]).

Hatimaye utataka kuikompaili, yaani kuigeuza iwe programu inayojitegemea, kwa ghc, na huenda swali uliloliandika kwa putStr likachelewa kuonekana hadi mtumiaji awe ameshajibu. Maandishi hayo yanasubiri mwisho wa mstari, kwa hiyo andika import System.IO juu ya faili, kisha uanze main kwa hSetBuffering stdout NoBuffering.